Msimu wa Mwisho wa Mtundu na Mtulivu

Januari 8

Kamera mpya imefungwa leo na Baba hajaipenda. Ameizunguka, mikono nyuma, akasema inaona mambo mengi mno. Nikamwambia kazi ya kamera ni kuona. Akasema, "Kazi yake ni kuona ninachotaka kuona mimi, mama."

Huu ni msimu wake wa mwisho. Muhula ukiisha mwezi wa Aprili Baba anastaafu chuo, na chumba hiki kilicho juu ya jengo la sayansi, chenye darubini moja, paa la bati linalosukumwa kwa mkono na kiti kilichotoka sponji, kitapata mwenyewe mwingine, au hakitapata kabisa. Fundi aliyekuwa akimsaidia miaka yote amehamishwa, ndiyo maana nimeitwa mimi. Asubuhi nafundisha hisabati sekondari, jua likizama napanda ngazi kusukuma paa. Nimeamua kuandika mambo ya msimu huu mpaka uishe. Mimi ni hodari wa kuanza vitu, kwa hiyo tuone.

Januari 10

Nieleze kazi yenyewe, nisije nikayasoma haya nikiwa mzee nisielewe nilikuwa napandia nini ngazi zote zile.

Ukitazama Kilimia, kisha ukashuka kidogo ndani ya kundinyota la Ng'ombe, kuna mahali peusi panapoonekana hapana kitu. Ni wingu la vumbi na gesi, na humo ndani nyota zinazaliwa. Mwanga wa huko unatufikia baada ya zaidi ya miaka mia nne, na Baba anasema hapo ni jirani, ukuta kwa ukuta. Nyota zenyewe zina umri wa miaka milioni moja au mbili, yaani bado zinanyonya. Kila moja imezungukwa na sahani ya vumbi ndiyo inayokula, na haili kwa adabu. Inamwaga, inapaliwa, inajificha nyuma ya chakula chake, ndiyo maana mwanga wake unapanda na kushuka.

Baba anamfuata mmoja wao tangu mimi sijazaliwa. Amempa jina la Mtundu. Sasa ili ujue Mtundu ameng'aa au amefifia, lazima umlinganishe na nyota ya pembeni isiyobadilika. Hiyo ndiyo Mtulivu. Baba anasema Mtulivu si mtoto wa lile wingu, ni mzee mpita njia aliyesimama tu kwenye mstari mmoja na wao. Kamera ya zamani ilikuwa na jicho jembamba, ikiwaona hao wawili na kijinyota kimoja dhaifu kwenye kona, basi. Hii mpya inaona nyota chungu nzima, lakini Baba anataka kila picha ikatwe iwe na ukubwa ule ule wa zamani, ili kumbukumbu zifanane tangu mwanzo. Kukata ndiyo kazi yangu, kwa programu aliyoiandika mwenyewe.

Mama, ambaye ni fundi cherehani na hana muda na nyota, anamwita Mtundu mke mwenza. Leo mezani kauliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Baba akajibu, "Hajambo, anakusalimu." Utani huu nimeukuta, na bado wote wawili wanacheka.

Januari 14

Mawingu. Tumecheza karata. Baba ameniibia na amekana.

Januari 23

Mtundu amefifia. Si sana, lakini nimepima mara tatu na jibu ni lile lile. Wakati wa kushuka ngazi Baba alikuwa anapiga mluzi.

Februari 3

Anazidi kufifia. Kila wiki chini kidogo, bila kupanda, jambo ambalo Mtundu hajawahi kulifanya. Baba anaamini donge kubwa la vumbi linapita mbele yake polepole, na kwamba likiendelea hivi tutaweza kulipima upana wake. Amenichorea kwenye karatasi ya kufungia mkate. Nimemwangalia akichora, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, nikaona kijana aliyeanza kazi hii. Nampenda baba yangu. Sijui kwa nini hayo tunayaandika tu na hatuyasemi.

Mama anamshonea suti ya kuagia. Chuo kimempa saa nzima ukumbini tarehe kumi na mbili Aprili, mhadhara wake wa mwisho, na sasa anajua atazungumzia nini. Mama alipompima kiuno akasema, "Umepungua. Huyo mke mwenzangu hakupikii?"

Februari 9

Chini tena. Baba kalala saa mbili asubuhi bado anatabasamu, asema Mama.

Februari 16

Leo amepanda Mkuu wa Idara. Tulimsikia tangu ngazi ya chini kwa sababu viatu vyake vinalia. Alikuwa mwanafunzi wa Baba, tena wa kubebwa, na sasa kwa kuwa amepata ofisi yenye zulia anakuja kutukagua. Alitazama mchoro wetu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya haraka:

"Mwalimu, mnalinganisha na nyota ngapi?"

"Moja. Ile ile ya siku zote."

"Na picha ambazo hazijakatwa, mnazihifadhi?"

"Zipo."

"Ningependa kuziona siku moja, kabla ya Aprili."

"Ukitaka kuona nyota, Mkuu, paa liko wazi," Baba akasema.

Mkuu akacheka kicheko kifupi, akaaga. Wivu tu. Miaka yote hiyo ofisini hajagundua hata panya, na sasa mzee anaondoka na jambo kubwa. Nimemwambia Baba hivyo hivyo. Akasema nisimseme mtu aliyepanda ngazi zote hizo na kifua chake kile.

Februari 27

Mtundu chini. Nimefundisha vipindi sita leo. Nalala.

Machi 5

Mvua zimeanza kujipanga. Siku nne bila nyota hata moja, na Baba amekuwa hafai. Anapanda juu, anatazama mawingu, anashuka, anauliza chai, anaiacha. Mama amemtuma dukani mara mbili kununua vifungo ambavyo tayari anavyo.

Machi 12

Sijui nianzie wapi. Nianze na mafua.

Baba ana mafua, Mama amemfungia ndani, kwa hiyo nilipanda peke yangu. Mvua ilikuwa imeosha anga, nikapata picha nzuri kuliko zote za msimu. Nikataka kuzikata, programu ya Baba ikagoma. Kompyuta ya chuo imebadilishiwa mfumo wa ndani wiki hii na programu ya mzee haielewani nayo tena. Nikasema basi, leo nipime picha nzima, kesho nitaomba radhi.

Kwenye picha nzima nyota ni nyingi. Kwa uchokozi tu nikamlinganisha Mtundu na nyota moja ya juu kushoto. Jibu likaja: Mtundu hajafifia. Nikadhani nimekosea nyota. Nikachukua nyingine, na nyingine, na nyingine. Zote zinasema kitu kimoja, kwamba Mtundu yuko pale pale alipokuwa Januari, juu kidogo, chini kidogo, kama kawaida yake. Nikafungua picha zote ambazo hazijakatwa tangu siku ya kwanza. Hajafifia hata siku moja.

Kisha nikampima Mtulivu kwa nyota zile zile. Mtulivu anapanda. Wiki baada ya wiki, tangu tulipoifunga kamera hii, anang'aa zaidi na zaidi. Ni sawa na kumpima mtoto urefu kwa kumsimamisha na kaka yake kila mwezi, ukasema maskini huyu anafupika, kumbe kaka mtu ndiye anayerefuka.

Mtulivu si mpita njia. Ni mtoto wa wingu lile lile. Mzee amechagua kipimo chake kutoka chumba cha watoto.

Nimefunga paa nikakaa kwenye kile kiti. Baba hajawahi kunipiga wala kunifokea. Lau ningekuwa namwogopea hilo, ningejua la kufanya. Tatizo lake ni upole. Nilipokuwa darasa la sita nilimwonyesha kosa kwenye hesabu zake za mezani, alama ya kutoa aliyoisahau. Akanikalisha, akanieleza kwa sauti ya chini na kwa uvumilivu mwingi, mpaka nikakubali kwamba sikuona vizuri. Wiki iliyofuata nikaikuta ile alama imewekwa, kwa wino mwingine. Hakusema neno, na mimi sikusema neno, na tangu siku hiyo sijamwambia tena kwamba amekosea, katika jambo lolote, hata njia ya kwenda sokoni.

Imebaki mwezi mmoja afike ukumbini.

Machi 13

Sikumwambia. Ana homa.

Machi 14

Homa imeshuka. Sikumwambia.

Machi 17

Leo amefanya mazoezi ya mhadhara sebuleni, amesimama mbele ya jokofu, Mama akiwa ndiye hadhira na sindano zake mdomoni. Alipofika kwenye donge la vumbi alifumba macho. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mama si mtu wa kudanganyika. Alinikuta uani akasema, "Simu gani hiyo unaiongelea imezimwa?" Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida.

"Utamwambia wewe?" nikamuuliza.

"Mimi? Niseme nini, Mtulivu nimemwona wapi?" Akachomeka sindano zake kwenye kola moja moja. "Ila nikikukatia nguo vibaya, niambie ikiwa bado vipande. Nitanuna, lakini nitakata upya. Usije ukaniambia umeshaivaa watu wanakuangalia."

"Atavunjika moyo, Mama."

"Atavunjika. Sasa chagua avunjikie nyumbani kwake au mbele za watu."

Machi 19

Nilikwenda kwa Mkuu wa Idara. Nilijikaza tu, kwa sababu nilitaka mtu wa kuniambia nimekosea hesabu. Aliangalia namba zangu kwa muda mfupi sana, kisha akavua miwani.

"Nilikuwa na wasiwasi tangu Februari," akasema. "Nyota inayofifia bila kuyumba, bila kubadilika rangi. Nikajisemea, hapa kipimo ndicho kinachotembea."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilijaribu. Ulikuwepo." Akaweka miwani juu ya meza. "Dada yangu, huyu mzee alinilisha nyumbani kwenu mwaka mzima baba yangu alipofariki. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nitamwambiaje kwamba amekosea?"

Nilikaa na aibu yangu kwenye lile zulia. Mtu nimemsema mwezi mzima, kumbe tulikuwa tunaogopa kitu kimoja.

Akatoa njia nyingine. Ukumbini watakuwepo walimu, jamaa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hakuna atakayejua. Tumwache aseme maneno yake, apigiwe makofi, aende akapumzike. Sisi tutarekebisha kimya kimya baadaye. "Kwa wino mwingine," nikasema. Hakuelewa, na sikumfafanulia. Nilitoka pale nikijua kwamba nitasema.

Machi 23

Nimemwambia.

Tulipanda pamoja, jua limezama sasa hivi, paa liko wazi na Ng'ombe ameshainama upande wa magharibi. Baba alikuwa anasafisha miwani kwa pindo la shati. Nilisema haraka ili nisirudi nyuma: "Baba, Mtundu hajafifia. Mtulivu ndiye anayeng'aa."

"Haiwezekani, mama," akasema kwa upole. Upole ule ule. "Mtulivu hana sababu ya kung'aa. Njoo nikueleze."

"Hapana. Leo nieleze mimi."

Sijui nilipata wapi kinywa hicho. Nikamwonyesha picha nzima. Nikamwonyesha nyota za kulinganishia, moja moja, nazo ziko mbali na wingu. Aliuliza kama hewa ilikuwa nzito, nikamwambia nilizichukua siku tofauti. Akauliza kama kamera mpya haina doa, nikamwonyesha kwamba nilimsogeza Mtulivu huku na huku kwenye picha na jibu halikusogea. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu Januari. Akaniuliza nimejua tangu lini.

"Tangu ulipokuwa na mafua."

Alivaa miwani, akainama kwenye kioo cha kompyuta, akakaa hivyo mpaka nikadhani hasomi tena. Kisha akasema, "Funga paa."

"Anga ni safi, Baba."

"Funga tu, mama."

Sijawahi kumwona akifunga paa chini ya anga safi. Tulishuka ngazi, yeye mbele. Nililala na nguo zangu.

Machi 24

Hakupanda. Nimepiga picha peke yangu.

Machi 25

Hakupanda. Mama anasema analala mchana, kitu ambacho hakijawahi kutokea ndani ya nyumba hii.

Machi 27

Mezani aliniomba chumvi. Nikampa. Akasema asante. Ndiyo mazungumzo yetu ya siku nne. Mama hakuuliza habari za mke mwenza.

Machi 28

Mvua kutwa. Nimejuta. Nimejuta kabisa, na naandika hivyo ili ijulikane. Ningemwacha na makofi yake.

Machi 30

Taa ya chumba chake cha kazi iliwaka mchana kutwa, mlango umefungwa. Mama aliweka chakula mlangoni, sahani ikarudi tupu. "Angalau anakula," akasema, lakini nguo aliyokuwa anashona alishona mkono mmoja upande usio wake.

Aprili 1

Nilikuwa nasahihisha mitihani, Baba akaingia bila kubisha hodi, hajanyoa, ameshika kompyuta yake kifuani. Akasukuma mitihani ya watu pembeni.

"Kile kijinyota cha kona," akasema. "Kwenye picha za zamani. Dhaifu sana lakini kipo. Nimewapima wote wawili kwa hicho, kuanzia picha ya kwanza kabisa."

Nikaangalia mstari wa Mtulivu. Mwaka baada ya mwaka umelala sawasawa, mpaka misimu miwili iliyopita, ambapo unaanza kuinua kichwa.

"Kwa hiyo kazi yako ya zamani iko salama," nikasema.

"Ya zamani, ndiyo. Makala mawili ya mwisho yana kosa, nitaandika niyasahihishe." Akakuna ndevu. "Lakini tazama huyu. Alikuwa amelala muda wote huo, sasa ndiyo anaamka kula. Nani mwingine ana picha za mtoto wa wingu lile akiwa usingizini miaka yote? Mimi ninazo, na sikuwa hata namtazama."

Alikuwa anacheka na macho yana maji. Kisha akasimama, akanisogezea kompyuta.

"Nikague. Picha moja moja. Ukiona kosa, niambie."

Mitihani ya watu italala mpaka kesho.

Aprili 4

Nimekagua. Nimepata makosa matatu madogo. Nimemwambia mawili.

Aprili 5

Nimemwambia la tatu.

Aprili 12

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mkuu wa Idara alimtambulisha Baba, akakwama katikati ya sentensi, akakaa chini. Suti ilimkaa Baba vizuri, Mama alihakikisha kila aliyeketi karibu anajua nani kaishona.

Baba alianza hivi: "Nilikuja kuwaeleza jambo kubwa, nikagundua ni kosa kubwa. Kwa hiyo nitawaeleza kosa." Basi akaeleza, yote, tangu kukata picha mpaka kumwita Mtulivu mpita njia. Hakujitetea hata mahali pamoja. Alichekesha watu. Alipoonyesha mstari wa Mtulivu akiinua kichwa, ukumbi ulitulia kabisa, hata wale wa mwaka wa kwanza waliokuja kwa ajili ya soda.

Mwishoni mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani aliyeligundua kosa.

"Binti yangu, yule pale," Baba akasema. Watu wakageuka, nikatazama viatu vyangu. Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Aliligundua, akakaa nalo peke yake karibu wiki mbili. Nimejiuliza kwa nini. Yeye si mwoga, mnamwona. Jibu nililopata ni kwamba nimemlea mtoto wangu mpaka amekuwa mtu mzima, na katika miaka yote hiyo hajawahi kunisikia nikisema nimekosea. Nimefundisha watu wengi hapa kupima nyota. Nyumbani kwangu nilifundisha mtu kuogopa kunisahihisha. Kosa la Mtulivu limenichukua siku nane kulirekebisha. Hili la pili naomba mniache niende nyumbani nikalifanyie kazi."

Akakusanya karatasi zake. Makofi yalichelewa kidogo kuanza. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu ya mtu anayekaza uzi, na mimi nililia wazi wazi, mbele ya wanafunzi wangu watatu wa sekondari waliokuja kumsikiliza Baba.

Aprili 17

Leo asubuhi Baba alikuwa anajumlisha mezani idadi ya vifaa anavyokabidhi chuoni. Nilipita nyuma yake na chai, nikaona jumla si sahihi. Nikamwambia, "Baba, hapo umekosea."

Akasema hajakosea. Akaanza kunieleza kwa upole. Katikati akanyamaza, akaniangalia, akashusha miwani na kunisogezea karatasi.

"Wapi?"